Fokasi ya mkono au ya otomatiki?

Leo siasa tuiweke kando, tuongee kamera.

Nikikaa na wapiga picha wenzangu hapa Morogoro, ubishi ni uleule. Wapo wanaosema mpiga picha wa kweli hufokasi kwa mkono, otomatiki ni ya wavivu. Wengine wanawacheka: umenunua gari lenye injini, unalisukuma la nini? Mimi nasema inategemea umesimama wapi.

Uwanja wa Jamhuri, mkono sithubutu. Straika anakuja mbio upande wangu, umbali unabadilika kila sekunde. Vidole vyangu haviwezi kushindana na mota. Naweka fokasi ya kufuatilia, nabonyeza, basi.

Sasa panda nami njia ya Morningside kuelekea Bondwa, asubuhi, ukungu umeshuka. DSLR hupima fokasi kwa kulinganisha taswira mbili za kitu kimoja, na ili ilinganishe lazima ione mistari: kope, ukosi wa shati, ncha ya jani. Ukungu hufuta yote hayo. Lenzi inabaki kwenda mbele na kurudi nyuma, ziii, ziii, kama mtu anayepapasa funguo gizani. Ukungu ukipisha, kuna migomba. Kamera inanasa jani lililo karibu, wakati habari ni mama wa Kiluguru aliye nyuma yake, anashuka na mkungu wa ndizi kwenda sokoni mjini.

Jani na uso, kwa mota ni mamoja. Kamera mpya zisizo na kioo zinatambua hata jicho la mtu, lakini wengi wetu bado tunahangaika na DSLR zilizokwishatumika. Na yule mama siwezi kumwambia arudi juu na mzigo wake ili nipige upya. Uso wake ukitoka umefifia, gazetini anakuwa "mkulima" tu, hata jirani yake hamtambui.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi. Nachagua jiwe njiani, pale atakapopita. Naiachia otomatiki ifokasi kwenye jiwe, kisha nasukuma swichi ya lenzi kwenda MF ili isibadili mawazo. Nasubiri. Akikanyaga pale, nabonyeza. Mashine imefanya yake, mimi nimefanya yangu.

Jambo moja kwa wanaoanza mkono. Kamera nyingi za filamu za zamani zilikuwa na kiduara katikati kilichoonyesha picha imekatika mpaka fokasi ikae sawa. DSLR nyingi hazina, zina kitone tu kinachowaka. Pia kando ya kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo. Kizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri kwa jicho lako, hasa kama unavaa miwani. Bila hivyo utailaumu lenzi bure.

Haya, mkianza tena kubishana nani mpiga picha wa kweli, kwanza niambieni mnampiga nani, na amesimama wapi.