Chaja ya Boti na King'ora cha Usiku



Miongoni mwetu tunaoishi Uingereza wapo wachache waliojaaliwa kuwa na boti katika mifereji ya nchi hii, na wapo wengi zaidi walio na betri kubwa nyumbani bila ya kuifikiria sana: ya gari lililolala gereji, ya kigari cha mzee asiyeweza kutembea mbali, ya kiti cha magurudumu. Haya tutakayoyaeleza yalitufika botini, lakini chombo chenyewe, yaani mashine ya kuchajia betri, hakina tofauti kubwa na kile kilichowekwa chini ya ngazi katika nyumba zetu. Kwa hiyo asiye na boti naye asiugeuze ukurasa.

Boti yetu, tuliyoinunua kwa shirika pamoja na shemeji yetu, ni ile ndefu nyembamba ya mfereji, ambayo upana wake haufiki futi 7, kwani ukizidi hapo haipiti katika malango ya maji ya mifereji myembamba. Imefungwa gatini karibu na Milton Keynes, katika mfereji wa Grand Union utokao London kwenda Birmingham, wenye urefu wa maili 137 na malango 166. Wajukuu huipenda kuliko nyumba zetu zote.

Boti kama hii huishi kwa betri. Taa ni za betri, pampu ya maji ya kunawia ni ya betri, na lililo kubwa kuliko yote, pampu ya ngama ni ya betri. Pale mtaimbo wa rafadha unapotokea nje, maji hudondoka tone moja moja kuingia ndani, na ndivyo chombo kilivyoundwa. Matone hayo hukusanyika ngamani, na yakifika kiasi fulani pampu huamka yenyewe na kuyatupa nje. Wazee wetu wa majahazi walikuwa na vijana wa kufua maji usiku kucha. Sisi tunayo betri. Betri ikifa na mwenye boti yuko mbali, matone hayangoji.

Kwa ajili hiyo huwekwa chaja. Umeme wa volti 230 hutoka katika kinguzo kilichoko gatini, hupita katika waya mnene hadi ndani, na chaja huupunguza kuufikisha kiasi kinachoifaa betri ya volti 12. Chaja njema haisukumi umeme kwa nguvu moja tu. Kwanza huijaza betri hadi kufika kama volti 14.4, kisha, betri ikishashiba, hujirudisha hadi kama 13.5 na kukaa hapo kuilinda isishuke. Huko kujirudisha ndiko roho ya chombo chenyewe, na ndiko kulikotoweka katika chaja yetu bila ya sisi kupewa habari. Taa yake ya kijani iliwaka kama siku zote.

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba 2023, likizo ya shule, na baridi ilikuwa imegandisha kingo za mfereji. Tulilala botini watu sita: sisi na bibi yao wajukuu, shemeji yetu, na watoto watatu. Jiko la makaa lilikuwa halijawashwa kwa siku mbili, maana tulijipasha moto kwa hita ya umeme, na mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa. Saa kumi na nusu za usiku king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi kikalia.

Gesi hiyo, kama wengi wajuavyo, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Tangu tarehe 1 Aprili 2019 sheria ya ukaguzi wa boti hapa inataka kila boti yenye mahali pa kulala iwe na king'ora chake. Sisi tunavyo viwili: kimoja omo, karibu na jiko, na cha pili tezi, karibu na vitanda. Tuliwatoa watoto na mablanketi yao, tukawapeleka garini na bibi yao, tukaiacha milango ya omo na tezi wazi. Muda si muda kikanyamaza.

Shemeji yetu, ambaye ni mtu mwerevu na mwepesi wa kuamua, alilikagua jiko akalikuta baridi kama jiwe. Akasema, "Mwalimu, kitu hiki kimeharibika. Jiko halina moto, gesi imefungwa, kaboni itatoka wapi? Tukitoe betri zake, watoto warudi kulala."

Dada yake alimjibu kutoka gatini: "Mdogo wangu, kama kimeharibika tutalijua hilo mchana. Usiku huu hakiguswi."

Na hapo ndipo tulipotazama jambo ambalo katika ile pirikapirika halikuonekana. Kilicholia ni king'ora cha tezi. Kile cha omo, kilichoko hatua mbili tu kutoka jikoni, kilikuwa kimya tangu mwanzo. Kama sumu ingetoka jikoni, kingetangulia hicho. Tulipoifunga milango kidogo, watoto wakiwa bado garini, cha tezi kililia mara ya pili na cha omo kikanyamaza vile vile.

Mjukuu wetu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi, ndiye aliyetupa ufunguo. "Babu," alisema akiwa ndani ya gari, "mimi nilisikia harufu ya mayai yaliyooza nilipokuwa kitandani, halafu ikaondoka." Kumbe haikuondoka. Gesi inayonuka hivyo, iitwayo haidrojeni salfidi, ina tabia ya kuichosha pua, mtu akadhani imekwisha ilhali yumo ndani yake. Nayo ni sumu. Sisi tulipoingia tukitoka katika hewa safi ya nje tuliisikia mara moja, ikitoka chini ya ubao wa tezi, mahali zilipo betri tatu.

Betri za boti yetu ni za aina ya kale, bamba za risasi ndani ya asidi ya salfuriki, aina aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja chenye volti 2 na ushei. Betri hiyo ikishajaa, na umeme ukazidi kusukumwa, umeme hauna tena kazi ya kufanya ila kuyavunja maji yaliyomo kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni hiyo ikifika sehemu 4 katika kila 100 za hewa huweza kulipuka kwa cheche ndogo tu. Na cheche hutokea wapi? Mtu anapobonyeza swichi, au anapochomoa kibanio cha waya katika ncha ya betri huku umeme ukipita.

Hivyo hatukuifunua betri wala hatukugusa swichi yoyote ya ndani. Shemeji yetu alikwenda kwenye kile kinguzo cha gatini, nje kabisa, akakata umeme kutoka huko. Kabla hajakata, tulikuwa tumemulika kwa tochi, iliyowashwa nje, kile kipimo cha volti kilichoko mlangoni. Kilisoma 15.7. Hakuna betri ya asidi iwezayo kuvumilia kiasi hicho usiku kucha. Umeme ulipokatika tuliifungua milango yote, na wakati wa alfajiri ulipoingia tuliswali pale pale gatini juu ya mablanketi, kwa baridi ambayo hatutaisahau.

Fundi alifika saa tano mchana. Alipofunua ubao, betri moja ilikuwa imevimba mbavu na bado ina moto wa kuungua mkono, na maji katika zote tatu yalikuwa yameshuka chini ya ncha za bamba. Tulimuuliza habari za king'ora, kwa kuwa kaboni haikuwapo. Alituambia kwamba kile kijungu cha kemikali kilichomo ndani ya ving'ora vingi vya kaboni huamshwa pia na haidrojeni, na kwamba si mara ya kwanza kwake kuitwa na watu wa mabotini kwa sababu hiyo. Wengine, alisema, huwa wamekwisha kukinunua king'ora kipya, na hicho nacho kinalia.

Akaifungua chaja. Unyevu ulikuwa umeingia na kufanya kutu ya kijani katika sehemu ile ile inayopima volti. Mwenye boti wa kabla yetu aliifunga ndani ya sanduku moja na betri, na mvuke wa asidi uliila kwa miaka. Jambo hilo lilitukumbusha fundi wa betri wa utotoni kwetu, wakati redio za vijijini zilipokuwa zikiendeshwa kwa betri za gari, nasi tukizipeleka kuchajiwa juu ya baiskeli. Fundi yule alizipanga betri nje, chini ya mwembe, vifuniko vikiwa wazi, na mwenye sigara alifukuzwa tangu njiani. Tulidhani ni ukali wa tabia yake.

Kuitengeneza chaja fundi hakukubali, nasi tuliona ana haki. Katika betri alitaka tubadilishe zote tatu, maana betri zilizounganishwa pamoja hushuka daraja ya ile iliyo dhaifu kuliko zote. Hapo hatukumfuata moja kwa moja. Tulimwomba azitenganishe, tukazijaza maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi (asidi haiongezwi, kwa kuwa kilichopotea ni maji), zikachajiwa tena kwa kiasi chake, kisha tukaziacha zikae siku nzima bila kazi. Betri nzima iliyojaa, ikishapumzika, husoma kama 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mbili zetu zilisoma 12.6, na ile iliyovimba haikuuona hata 12. Tukabaki na hizo mbili, za umri mmoja, na boti yetu haikuhitaji zaidi.

Chaja mpya ilichukua siku tisa kufika. Katika siku hizo pampu ya ngama ilitegemea injini, nasi na shemeji tulipeana zamu ya kwenda kuiwasha saa mbili kila siku ili altaneta yake izijaze betri. Mchana tu, kwani katika mifereji hii injini haitakiwi kunguruma gatini baina ya saa mbili za usiku na saa mbili za asubuhi, na majirani wa mabotini wana masikio makali. Chaja ilipokuja tuliifunga mbali na betri, penye hewa. Ina swichi ya kuchagua aina ya betri na waya mwembamba wa kupima joto. Betri zikipata moto hujipunguza yenyewe. Wanaofikiria betri za lithiamu, ambazo siku hizi wengi wanazihamia, wajue kwamba zina masharti yake mengine na chaja ya kale haizifai.

King'ora tulikijaribu kwa kitufe chake, kikalia vizuri. Kinaandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika nyuma yake, na chetu bado kina miaka minne. Ile betri iliyovimba tuliipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alitulipa pauni chache kwa ajili ya risasi iliyomo, na watoto wakanunuliwa chipsi.