Mtungi Mmoja, Kata Moja

Mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuyafundisha mambo mageni kwa kupitia yale ambayo mtoto amekwisha kuyajua. Programu ya kompyuta ni mojawapo, na njia yake ya karibu ni ngeli. Mtoto asikiapo "kikombe umejaa" huikataa sentensi papo hapo, hata kabla ya kukitazama kikombe. Lugha nyingi za programu nazo hukipa kila kitu aina yake, na aina hueleza ni amri zipi kitu hicho kiwezazo kupokea. Hivyo kosa hugunduliwa kabla programu haijaanza kazi.

Lakini upatanisho huo hautoshi pale watumiaji wawapo wengi. Tulipokuwa tukifundisha Ubena Zomozi, kando ya barabara ya Chalinze na Morogoro, darasa letu lilikuwa na mtungi mmoja na kata moja. "Teka" na "jaza" zote ni amri halali kwa mtungi. Hata hivyo mtungi mkavu hautekwi, na uliojaa pomoni haujazwi. Tena, mtekaji huhitaji kifuniko na kata. Tuliwaita wanafunzi wawili kwa pamoja: mmoja akashika kata, wa pili kifuniko, kila mmoja akamngoja mwenzake aachie. Darasa likacheka, kisha likaanza kutafuta dawa.

Programu zenye kazi nyingi kwa wakati mmoja hukwama vivyo hivyo. Zaweza kujaribiwa mara mia zikapita, kisha zikakwama mara ya mia na moja, kwa kuwa kosa hutegemea nani alitangulia. Ndiyo maana mwaka 1993 Oscar Nierstrasz alipendekeza kwamba aina ya kitu itaje pia ni wakati gani kila amri hupokelewa. Mwaka 1998 Naoki Kobayashi alichapisha mfumo wa aina uliotia ndani utaratibu wa kutangulia na kufuata, ili baadhi ya mawasiliano yasikwame kwa kungojana.

Wanafunzi nao waliandika ubaoni: "Mtungi mtupu, jaza. Wenye maji, teka. Kifuniko kwanza, kata baadaye." Kukwama kukaisha.

Walimu watarajiwa, kiboko humfikia mtoto maji yakisha kumwagika. Kanuni iliyoelezwa mapema humfikia kabla. Darasa likifanya fujo, yatupasa kuuliza kwanza iwapo zamu ilipangwa.