Kuingilia, au Kuingilia Kati?

Jioni moja tulikuwa akina mama watano chini ya mwembe hapa Kanyenye, Tabora, tukichambua mchele. Mtoto wa mwenzetu akaja na neno la Kiingereza kutoka shuleni, "meddle", akiuliza maana yake. Tukamjibu kuwa ni kuingilia mambo ya watu. "Basi nitungieni sentensi," akasema. Tukanyamaza. Sentensi tulikuwa nayo, nayo ilituuma.

Mwaka uliotangulia, binti mmoja aliyeolewa karibuni mtaani kwetu alijifungia ndani siku kadhaa. Tukamwona mvivu. Hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hodi mlangoni kwake, bali habari tulimpelekea mama mkwe wake. Maneno yakazuka, na mume akamrudisha kwao. Baadaye ndipo tulipojua kwamba mimba yake ilikuwa imetoka, na hakuwa amepata nguvu ya kumwambia mtu.

Zamani neno hilo la Kiingereza lilimaanisha kuchanganya. Nasi ndivyo tulivyofanya: tulikoroga nyumba ya watu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anamtaja mtu wa namna hii pamoja na mwuaji na mwizi. Neno lake la Kiyunani limeundwa kwa mawili, "ya wengine" na "mwangalizi", na hilo la pili ndilo asili ya neno letu askofu. Kumbe tulijipa uaskofu katika nyumba isiyo yetu!

Je, tufumbe macho daima? Hapana. Kiswahili kinatufundisha pia kuingilia kati. Mwenzetu akipigwa, tusiseme ni mambo ya ndani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mtu haki ya kumpiga mwenzi wake. Sheria hiyo hiyo imeweka mabaraza ya usuluhishi, wanandoa wayaendee kabla ya kuomba talaka. Anayeingilia kati husimama baina ya wawili na kuwasikiliza wote. Anayeingilia husimama nyuma ya mlango, kisha akasema na mtu wa tatu.

Tulikwenda kwao binti yule kumwomba radhi. Alitusamehe, lakini kwa mumewe hajarudi hadi leo.

Mama mwenzetu, kabla hujasema lolote juu ya nyumba ya jirani, jiulize kama tunavyojiuliza sisi sasa: je, nimepiga hodi?