Manyoya Mekundu ya Kigwena

Huko Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge, mahali ambapo msitu wa hifadhi unakaribiana na Ziwa Tanganyika, anaishi askari mmoja mstaafu pamoja na mkewe na mjukuu wao wa miaka 12. Tangu avue sare, mzee huyo hujitafutia kitoweo kwa mshipi. Hana wavu wala taa kubwa. Ana ndoana tano tu, alizozivika manyoya meupe ya jogoo ili mukeke azidhanie kuwa ni ndagala.

Kazi hiyo huifanya uani. Huchagua manyoya membamba ya shingoni, akayaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akiyapitisha vidoleni kutoka shinani kwenda nchani ili yasivunjike. Huyasuuza mara mbili na kuyaanika kivulini juu ya kitambaa. Yaliyopinda huyapitisha juu ya mvuke wa birika, nayo hunyooka. Yakisha kukauka huyatia katika kopo lenye kifuniko, kwa sababu wadudu huyala. Siku ya kufunga, huzungusha uzi imara karibu na tundu la ndoana, akashikiza manyoya mawili au matatu yakielekea nyuma, akapiga fundo na kumalizia kwa tone la gundi.

Jioni moja mjukuu alileta manyoya sita mekundu sana. "Babu, haya yatayashinda ya jogoo. Nimeyaokota njiani."

Mzee aliugeuza unyoya mmoja, akalitazama shina lake. Unyoya uliodondoka wenyewe huwa na shina kavu na safi. Huu ulikuwa na kipande cha nyama. Hakupandisha sauti. "Uliokotwa, au uling'olewa?"

Mtoto aliinamisha kichwa. Alikuwa ametega mitego mitatu ya tanzi msituni, hali anajua kwamba uwindaji katika hifadhi umekatazwa. Mmoja ulimnasa kulukulu, ndege wa samawati nzito mwenye mabawa mekundu, naye alikufa.

"Basi yaosheni, yasipotee bure," alisema bibi kwa huzuni.

Mtoto aliyatumbukiza katika maji ya sabuni yaliyochanganywa na majivu. Maji yakageuka mekundu. Alidhani ni damu, akayamwaga na kutia mengine. Wekundu ukazidi kutoka, na manyoya yakapauka mbele ya macho yake.

Huo haukuwa uchawi. Mwaka 1869 mkemia wa Kiingereza, Arthur Church, alieleza kwamba wekundu wa mabawa ya ndege wa jamii hiyo, ambao makao yao ni Afrika peke yake, hutokana na rangi yenye madini ya shaba. Rangi hiyo huyeyuka katika maji ya sabuni au ya majivu.

"Hata kama yangalibaki mekundu, yasingalikufaa," alisema mzee. "Kadiri maji yanavyozidi kina, wekundu ndio unaotangulia kufifia. Mukeke hufuata kinachometa na kuchezacheza kama ndagala. Sasa niambie, mitego miwili iliyobaki iko wapi?"

Kulipopambazuka walikwenda msituni. Mtego wa kwanza ulikuwa mtupu. Katika wa pili alining'inia kulukulu mwingine, mguu umevimba, lakini yu hai. Mzee aliyakumbatia mabawa yake, mtoto akaikata kamba kwa mkono wake mwenyewe. Ndege hakuruka mara moja. Alitua juu ya tawi, akalikimbilia hadi mwisho, akatoweka majanini. Kutoka hapo mzee alimpeleka mjukuu wake kwa mlinzi wa msitu, akaungame kosa lake pasipo kusemewa na mtu. Mlinzi aliichukua mitego, akamwonya vikali.

Jioni ile mtoto aliketi uani, akafunga ndoana ya kwanza maishani mwake, kwa manyoya ya jogoo wa nyumbani. Yale sita yaliyopauka hakuna aliyeyataka tena. Wazee walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.