Chumvi ya Sufuria Moja

Kwenye takwimu za mvua, sifuri na kutojua ni vitu viwili. Sifuri ina maana mtu alikiendea kipimamvua akakikuta kikavu. Kutojua ina maana hakuna aliyekwenda. Katika programu ninayoitumia kwa tasnifu yangu ya uzamili, siku isiyopimwa tunaiandika NaN, yaani "si namba", na moduli moja ina kazi ya kuzitambua siku hizo na kuziweka kando.

Mara kituo kilichopo kwenye eneo kavu kikaanza kuonyesha siku nyingi za mvua. Msimbo wa moduli ile haukuwa umeguswa. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika faili kuu la CMake. Mwenzetu aliyetaka hesabu zake ziende mbio aliwasha swichi ya -ffast-math kwa add_compile_options, nayo ikateremka hadi kwenye moduli zote zilizofuata chini yake.

Swichi hiyo huiambia kompaila ya GCC kwamba NaN haitatokea kamwe. Kompaila ni mtiifu. Ukiiuliza "hii ni NaN?", inaruhusiwa kulifuta swali lenyewe, kwa kuwa jibu umeshaipa. Siku zisizopimwa zikapita. Programu ikauliza kama ziko chini ya milimita 1, ikajijibu hapana, ikazihesabu kuwa za mvua. Hakukuwa na onyo lolote.

Simlaumu aliyetaka kasi. Mpaka wa swichi hii umewahi kuvuja hata ndani ya GCC yenyewe. Kabla ya toleo la 13, lililotoka 2023, maktaba ya pamoja iliyoundwa nayo iliweza kubadili mpangilio wa prosesa, namba ndogo mno zikageuka sifuri hata katika msimbo wa mtu mwingine aliyeipakia tu.

Sasa swichi ya kila moduli inakaa kwenye moduli yake, kwa target_compile_options na neno PRIVATE. PUBLIC ingewarithisha wote wanaoitegemea. Anayependa chumvi nyingi ajitilie kwenye sahani yake. Tumeongeza pia jaribio linaloingiza NaN kwa makusudi, likitumia swichi zilezile za toleo tunalotoa. Kulijaribu kwa -O0 peke yake kungetupa amani ya uongo.

Mkulima anayengoja mvua ya kwanza ili apande hana haja ya kulijua neno kompaila. Ana haki ya kuambiwa "hatukupima" pale ambapo hatukupima.