Sinema ya Watu Watatu

Sinema za zamani, zile zisizo na rangi, sisi tunazicheka tu. Likizo iliyopita, huko Kabambare, mjomba alituonyesha moja ya Marekani ya mwaka 1943, The Ox-Bow Incident, Henry Fonda ndani. Watu wanasikia kama mfugaji mmoja ameuawa. Hawangoji hakimu, wananyonga watu watatu. Saba tu walikataa. Kisha sherifu anafika: kumbe mfugaji hakufa!

Sikucheka. Muhula uliopita feza za mwenzetu zilipotea, usiku tukamkamata mdogo wa mwaka wa kwanza. Mimi mkubwa wa wanafunzi nilisimama mlangoni, nikanyamaza, wakampiga. Asubuhi feza zikaonekana ndani ya kitabu cha mwenyewe.

Yule mdogo angali ananiita yaya, lakini haniangalii machoni.