Siku tatu Amsterdam: Tafuta stesheni kwanza, chumba baadaye

Mdogo wangu alipopiga simu kusema amemaliza shahada ya uzamili Amsterdam na anataka Mama awepo siku ya mahafali, nyumbani tulishangilia kama nusu saa hivi. Baada ya hapo tukaanza kupiga hesabu. Nauli ya ndege kaka yetu mkubwa aliichukua yeye. Mahali pa kulala nikaachiwa mimi.

Tulikuwa watatu: mimi, Mama mwenye miaka 69 na goti la kulia lisilotaka mchezo, na mwanangu wa miaka minane. Mdogo wangu anaishi chumba cha mwanafunzi chenye kitanda kimoja, kwa hiyo kutulaza kwake haikuwezekana. Tulihitaji kulala siku tatu, kuanzia Jumapili hadi Jumatano asubuhi. Siku hizo tulizichagua makusudi, maana bei za Ijumaa na Jumamosi zilikuwa juu sana.

Nilianza kama wengi wetu tunavyoanza: nikapanga vyumba kwa bei, cha chini kabisa kikae juu. Kikatokea kimoja "katikati ya jiji", dirisha linatazama mfereji, picha nzuri za kutamanisha. Mume wangu akasema lipa haraka kabla hakijachukuliwa. Bahati nzuri mdogo wangu alikuwa anapita njia hiyo kwa baiskeli, nikamwomba aingie mapokezi, aangalie, anirushie video.

Video ilikuwa ya ngazi tu. Nyembamba, imesimama wima, na pembeni kuna kamba ya kushikia. Chumba kiko ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mama aliangalia simu, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni ngazi au mnazi?"

Nyumba za zamani za Amsterdam zilijengwa kwenye viwanja vyembamba virefu, na ngazi zake ni za kubana nafasi. Ndiyo maana juu ya nyumba nyingi kuna boriti yenye ndoano: samani zinavutwa kwa kamba na kupitishwa dirishani, kwa sababu kwenye ngazi hazipiti. Hoteli nyingi ndogo za bei nafuu katikati ya jiji ziko ndani ya nyumba hizo. Kama unasafiri na mzee, mjamzito au mtoto wa kubebwa, neno la kwanza kutafuta kwenye maelezo ni lifti. Usipoliona, andika uulize.

Nikageukia upande wa pili. Kulikuwa na hoteli mpya nje ya jiji, karibu na barabara kuu, yuro 82 kwa siku na kodi ndani yake. Lifti ipo. Lakini kufika mjini ni lazima upande basi la hoteli la kulipia hadi uwanja wa ndege, kisha treni. Kwa watatu, kwenda na kurudi, nilipata kama yuro 22 kwa siku. Ikawa 246 za chumba na 66 za usafiri, jumla 312.

Hapo ndipo nilipoacha kuangalia umbali kutoka katikati ya jiji nikaanza kuangalia umbali kutoka stesheni. Amsterdam ina stesheni kuu, Centraal, ambako kila mgeni anataka kulala karibu. Lakini kituo cha Sloterdijk kiko chini ya dakika 10 kwa treni kutoka hapo, na treni kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol zinafika moja kwa moja. Mji wa Haarlem uko kama dakika 15 tu kutoka Centraal, nao una uzuri wake mwenyewe. Zaandam nayo iko karibu, na ina hoteli yenye sura ya nyumba za kijani zilizorundikwa moja juu ya nyingine. Mwanangu aliililia hiyo, lakini siku zetu bei yake haikutufaa.

Tukachukua chumba cha watu watatu Sloterdijk, yuro 109 na kodi ndani, dakika nne kwa miguu hadi kwenye treni, kwa mwendo wa mdogo wangu. Kwa mwendo wa Mama ni nane. Siku tatu ni 327, na usafiri yuro 8 kwa siku, jumla 351. Utaona bado ni ghali kuliko ile ya mbali kwa yuro 39. Ni kweli, na mume wangu alinikumbusha. Lakini mzee wa miaka 69 hawezi kuzunguka kutwa kwenye baridi ya Desemba. Lazima arudi mchana alaze mguu. Kila tunaporudi sote mchana, hoteli ya mbali inatugharimu 22 nyingine, ya karibu 8. Tukirudi mchana mara tatu, bei zinakutana. Na tulirudi mara tatu.

Kodi nimeitaja makusudi. Amsterdam inatoza kodi ya wageni ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na mara nyingi bei unayoiona mwanzoni haijaiweka. Chumba cha yuro 100 kinakuwa 112.50. Fika hadi ukurasa wa mwisho wa malipo ndipo ulinganishe. Na idadi ya watu andika ya kweli, mtoto akiwamo. Vyumba vingi huko ni vya watu wawili, vidogo, na habari za "huyu atalala katikati yetu" mapokezi hawazitaki.

Sasa viza, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ukiomba viza ya Schengen unatakiwa kuonyesha utalala wapi, kwa hiyo unaweka nafasi kabla hujajua kama utasafiri. Jirani yetu mmoja alivutwa na punguzo akalipia chumba kisichorudishwa fedha. Majibu ya viza yakachelewa, tarehe zikapita, chumba kikaenda na pesa zake. Chukua chenye kughairi bure hadi siku chache kabla ya safari, hata kama kimezidi kidogo. Maombi kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini yanaweza kufika 45, na unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ukikataliwa hairudi. Ukishapata viza usikimbilie kufuta hoteli, kwa sababu hata ofisa wa uhamiaji uwanjani anaweza kuomba uthibitisho.

Tulitua Schiphol asubuhi, vyumba vinafunguliwa saa tisa mchana. Nilikuwa nimeshaandika barua pepe kuuliza kama watatunzia mabegi, wakakubali. Kwenye treni unalipa kwa kugusisha kadi ya benki ukiingia na ukitoka, ila kila mtu mzima na kadi yake. Kadi moja haibebi wawili. Hilo sikulijua, nikashukuru Mama alikuja na ya kwake, ingawa namba ya siri alikuwa ameisahau.

Siku ya pili, baada ya mahafali, tukatoka nyuma ya stesheni kuu. Pale kuna pantoni zinazovusha watu kwenda upande wa Noord, bure, usiku na mchana. Ndani ni watu, baiskeli na pikipiki ndogo. Mama alikaa karibu na dirisha, joho la mdogo wangu limekunjwa mapajani mwake, akatazama maji kama anayetafuta kitu.

"Sasa magari yao yanapitia wapi?" akauliza.

Mdogo wangu akamwambia yanapita chini, kuna handaki chini ya maji.

"Basi waje watuchimbie na sisi pale Magogoni," Mama akasema, akamkabidhi mwanangu joho ili apate kunyoosha mguu.